Mnaoendesha vipikipiki vya matairi manne kwenye lami ya Pongwe: mimi nilishika bendera nyekundu hapo hapo enzi za Mwingereza

Wakuu, salamu kwenu.

Wa rika langu humu sidhani kama wapo. Wengi wao siku hizi wanasomewa hitma, hawasomi nyuzi. Kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea zote kwa mkupuo, marahaba, tuendelee.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani ina mguu mmoja. Herufi zikiruka mnivumilie. Ila kwenye ukweli sitaruka kitu, na ukifika mwisho utajua kwa nini nimelisema hili mapema.

Juzi nimetumiwa klipu. Kijana amepanda lile lipikipiki la matairi manne, lile la kuchezea mchangani, yuko katikati ya lami kutoka Pongwe kwenda Muheza. Halina namba. Halina indiketa. Kichwani hana kofia, nyuma kapakia msichana, mkono mmoja usukani, mkono mmoja simu anajirekodi.

Nikashuka kwenye komenti nione watu wazima wanasemaje.

Mmoja kaandika, "Sheria zetu bado hazijafikia hizi mashine." Laiki kibao.

Hazijafikia! Mwanangu, sheria ya chombo cha shamba kukanyaga barabara ya watu ilifika Pongwe kabla baba yako hajaota meno. Najua kwa sababu niliisimamia mimi, kwa miguu yangu miwili, peku, juani.

Sasa kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza yupo, mimi nina kama miaka ishirini. Nilikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe. Jina la shamba silitaji, wenyewe walishaondoka na mkonge wenyewe ulishang'olewa.

Barabara kuu ilikuwa imelikata shamba vipande viwili. Mkonge unakatwa upande wa kusini. Korona, ile mashine ya kukwangua majani yabaki nyuzi, iko kaskazini. Kwa hiyo matrekta yanavuka lami kutwa nzima na matela yao nyuma, mkonge umejaa mpaka unamwagika.

Nyinyi mnaosema hakuna sheria, hesabuni na mimi.

Trekta la shamba halina namba wala rodi lesensi, yaani halijalipiwa kodi ya barabara, kwa hiyo halitembei na barabara. Si maili moja, si hatua kumi. Linaruhusiwa kuvuka tu, na kuvuka ni kukata moja kwa moja, pua ielekee ng'ambo, si kwenda mshazari. Mtu haketi juu ya tela wakati wa kuvuka. Katapila la minyororo halikanyagi lami mpaka zitandikwe mbao, lisije likaichana lami ya Malkia. Dereva awe na leseni ya serikali mfukoni, hata kama kutwa anazunguka porini.

Na kubwa kuliko yote: trekta halivuki bila mtu wa bendera.

Mtu wa bendera ndiye mimi.

Pale pa kuvukia palikuwa pabaya. Barabara inapinda ikitokea Muheza, na mkonge umefunga mpaka ukingoni. Dereva akiwa kwenye njia ya shamba haoni kitu. Anayeona pande zote mbili ni mmoja tu, aliyesimama katikati ya lami na kitambaa chekundu kwenye fimbo.

Bendera ikiwa juu, kuna gari linakuja, trekta lisimame. Bendera ikishushwa mguuni, njia nyeupe, vuka.

Basi. Hayo ndiyo yote. Hata mbuzi angefundishika.

Na ndivyo watu walivyoniona, kazi ya mbuzi. Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti mmoja wa Pongwe anaitwa Mwanaidi. Baba yake akarudisha jibu mbele za watu: "Binti yangu haolewi na mpepea kitambaa. Akipata usukani, aje tuzungumze."

Mzee yule mwenyewe alikuwa anauza mkaa, lakini kudharau alijua kuliko liwali.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu: leseni, na kiti cha trekta. Na mtu wa bendera akikosea mara moja, anafukuzwa siku hiyo hiyo, na ofisi ya leseni Tanga hata mlango hausogelei. Liwekeni hilo akilini.

Sasa nije kwa Hiza.

Hiza alikuwa Mbondei wa Muheza, dereva wa trekta nililokuwa nalivusha. Mkono wake kwenye usukani sijauona tena kwa mtu mwingine, hilo nalikiri. Lakini majivuno! Viatu vya ngozi shambani. Mluzi kutwa nzima. Akikaa kwenye kile kiti cha bati utadhani yuko ikulu.

Mimi aliniita Mlingoti.

"Mlingoti, leo umekula au unapepea tu?"

Vibarua wanacheka. Mimi nacheka pia, nifanyeje.

Na sheria kwake ilikuwa ya wajinga. Ikifika saa nne, badala ya kuacha trekta ndani ya shamba aende kunywa chai kwa miguu kama sisi, anapanda nalo lami hadi kwenye duka la chai, hatua kama mia mbili. Kutembea kwa miguu aliona ni kazi ya vibarua. Siku moja askari akamkuta, meneja akamwita ofisini: "Ukirudia, leseni yako naipeleka polisi mwenyewe."

Alipotoka humo, Hiza akasimama uani mbele yetu akamwigiza karani, Mzee Bakari, anavyomwinamia Mzungu wakati wa kumtafsiria. Mgongo ameupinda, shingo mbele, "yesa bwana, yesa bwana." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mzee Bakari alikuwa dirishani. Akafunga dirisha polepole.

Kwa hiyo hakuwa na rafiki pale. Mtu wa mdomo ule, rafiki atatoka wapi?

Lakini na hili liandikwe, maana nimewaahidi kweli: ni Hiza huyo huyo aliyenifundisha kuendesha. Ijumaa baada ya sala, kwenye kitalu kilicholala, ananikalisha kwenye kiti yeye anasimama pembeni ananitukana. "Klachi, Mlingoti, klachi! Hiyo si kamba ya mbuzi!" Miezi kadhaa, hajaniomba hata kikombe cha chai. Nilijua gia zote kwa matusi yake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Hiza yuko kwenye njia ya shamba, tela limejaa, injini inanguruma. Mimi niko lamini. Nikasikia lori linatokea Muheza, bado halijafika konani. Nikainua bendera. Hiza akatulia. Mpaka hapo kila mtu yuko sawa na sheria.

Hapo ndipo akaja Maalimu.

Maalimu Jumaa ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni, kuanzia alifu hadi nikahitimu. Alikuwa mzee sasa, macho yameingia ukungu, amevaa kanzu, anatembea na mwavuli, akipapasa ukingo wa barabara kwa ncha ya mwavuli. Alikuwa anakwenda kwenye hitma. Alipofika karibu yangu akajua kuna mtu, akakohoa, akanyoosha mkono.

Wa bara mliomo humu niwaeleze kidogo, msije mkanishangaa.

Kwetu pwani Maalimu wako hapungiwi mkono. Humpi mkono mmoja kama unapokea chenji. Unainama, unaupokea mkono wake kwa mikono yako miwili, unaubusu. Ukiuacha mkono wako mmoja nje umemtukana yeye, na mama aliyekupeleka kwake.

Sikufikiri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, sikufikiri hata kidogo. Bendera niliitia kwapani, kitambaa chini, nikainama.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba. Ni Mwijuma huyu?"

"Ndimi, Maalimu."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Na Yasini bado unayo kifuani, au umeuza?"

Midomo yangu bado iko juu ya mkono wake nikasikia gia inaingia.

Ndiyo, wakuu. Hiza, mvunja sheria mkubwa, siku hiyo aliifuata sheria kama ilivyoandikwa. Aliiona bendera imeshuka. Akavuka, moja kwa moja, pua ng'ambo, kama alivyofundishwa.

Lori likatokea konani.

Breki zilipiga kelele. Lori likalipata tela ubavuni, tela likaliburuta trekta, trekta likalala ubavu mtaroni. Machungwa ya Muheza liliyobeba yakamwagika lami nzima, mengine yakaja kugota miguuni kwangu. Wa lori walitoka wazima. Hiza alikuwa chini ya trekta, mguu wa kulia umebanwa, anapiga ukelele ambao sikujua mwanamume anao.

Maalimu akaniuliza, "Kuna nini, Mwijuma?"

Sasa nawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mke wangu aliondoka duniani hajakisikia.

Kabla sijakimbilia kwa Hiza, niliinua bendera.

Niliinua juu kabisa, nikasimama wima. Watu walipokuja mbio kutoka shambani walimkuta Hiza yuko chini ya trekta, na Mwijuma katikati ya barabara na bendera yake juu, kama anavyotakiwa.

Baada ya siku mbili tukaitwa ofisini. Hiza yuko hospitali Tanga. Meneja kakaa, askari wa trafiki kakaa, Mzee Bakari anatafsiri na kuandika, manyapara wawili wamesimama ukutani.

Dereva wa lori akasema alipotokea konani macho yake yote yalikuwa kwenye tela, bendera hakuiangalia.

Wakamwita Maalimu. Wakampa kiti. Wakamuuliza, bendera ilikuwa juu au chini?

Maalimu akasema, "Mimi sikuona bendera. Nilimwona mwanafunzi wangu."

Meneja akatikisa kichwa, akamshukuru, akamwambia aende. Mzungu miaka yote ile pwani, anajua bei ya mkonge ya Ulaya, hajui mtu wa hapa anamsalimu vipi mwalimu wake. Hakuuliza. Angeuliza swali moja tu, ningekuwa nimekwisha.

Ikawa zamu yangu.

"Bendera ilikuwa wapi?"

"Juu, bwana."

"Hata ulipokuwa unamsalimu mzee?"

"Hata hapo. Nilimpa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto nilikuwa nimeishika bendera, juu."



Wakuu, kila Mswahili mle ndani alijua kuwa ni uongo. Nyapara mmoja aliangalia dari. Hakuna mtoto wa chuo aliyewahi kumpa Maalimu wake mkono mmoja huku mwingine ameupandisha hewani kama anakamata kunguru. Hata kichaa wa Pongwe asingefanya.

Mzee Bakari aliniangalia muda mrefu. Nilijua anachokumbuka, nilikuwa nakikumbuka mimi pia: uani, mgongo uliopindwa, vicheko. Halafu akachovya kalamu kwenye wino, akainama kwa meneja, akatafsiri neno kwa neno.

Wakaandika kwamba dereva amevuka bendera ikiwa juu, na kwamba alikuwa na onyo la nyuma. Leseni ikafutwa. Kazi ikaisha akiwa bado kitandani, mguu umefungwa mbao.

Mimi haukupita muda nikaenda Tanga kufanya mtihani wa udereva. Nilipita. Gia zote nilizijua, kwa matusi ya Hiza. Nikapewa kiti chake, trekta lile lile limenyooshwa bati. Mzee wa mkaa akanipa Mwanaidi, tukaishi vizuri, watoto saba.

Bendera akapewa mtu mwingine. Unajua nilimwitaje?

Nilimwita Mlingoti.

Ndiyo mimi huyo. Yule mwenye lipikipiki nimemdharau tangu mwanzo wa uzi, na bado namdharau, lakini msidhani nimejisahau.

Maalimu hakuniuliza kitu maisha yake yote. Nilikwenda kumwona kila Idi. Alinyoosha mkono, niliinama, nikaubusu kwa mikono miwili. Ila siku hizo aliishika yangu muda mrefu kuliko zamani, yote miwili, kama anaihesabu. Nikawa natoka pale jasho linanitoka.

Hiza mguu ulipona vibaya. Akarudi kwao Muheza, akawa anauza machungwa pale njia panda, na fimbo yake. Mimi nikipita na lori la shamba, maana baadaye nilipanda cheo, nilikuwa naangalia upande wa pili. Miaka.

Halafu siku moja, Uhuru ulishapita zamani, basi letu liliharibika pale pale Muheza. Abiria tukashuka. Nikasikia mtu ananiita.

"Mlingoti!"

Nikageuka. Mvi kichwa kizima. Mluzi haupo tena.

Nikajua leo ndiyo leo. Nikajiandaa kutukanwa, na Mungu shahidi wangu, nilitamani anitukane.

Akaniambia, "Njoo ukae. Nina neno na wewe nimelibeba siku nyingi, na mimi afya yangu si nzuri."

Nikakaa kwenye kreti lake la machungwa.

"Siku ile niliiona bendera imeshuka," akasema. "Nilikuwa tayari kuapa. Lakini wote wamesema ilikuwa juu, na wewe, Mwijuma, si mtu wa kusema uongo juu ya mkono wa Maalimu wako. Basi ni macho yangu haya, au ni jeuri yangu ile. Ningekuua wewe na yule mzee. Tangu hapo usukani sijaugusa. Walikuja watu wa hapa kunitaka niwaendeshee gari, nikakataa. Hata baiskeli sipandi. Mtu macho yake yakishamdanganya mara moja, hana haki ya kuyaamini barabarani."

Halafu akasema, "Niwie radhi, ndugu yangu."

Wakuu, hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu. Hakuna meneja, hakuna askari, shamba lenyewe limeshabadili wenyewe. Nisingepoteza hata kikombe.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Hiza."

Mimi! Nimemsamehe!

Akashukuru. Akachukua kisu, akamenya chungwa, akanikatia nusu. Nikalila lote, na mbegu nikatema vizuri kwenye kiganja, kama mtu mwenye adabu zake.

Haukupita mwaka nikasikia amezikwa. Sikwenda. Nilisema nina mafua.

Sasa nyinyi wa matairi manne.

Mnabishana humu kama hicho chombo ni gari au ni pikipiki, kama kinahitaji namba au hakihitaji, faini itakuwa ngapi. Mnadhani sheria ni karatasi. Karatasi haijawahi kusimamisha trekta. Kilichosimamisha trekta ni mtu, kasimama juani, na mwenzie haoni kitu ila anamwamini yeye. Hiza, na jeuri yake yote, aliniamini mimi. Wewe kijana wa klipu nani amesimama konani anakuangalizia? Huyo dada uliyempakia ndiye anayekuamini wewe, na wewe unaangalia simu.

Nilichojifunza ni hicho. Sheria ya barabarani ni amana. Aliyeivunja kwa ujinga ana nafuu, anaweza kuvunjika mguu wake mwenyewe akakoma. Aliyeivunja halafu akaiinua juu watu waione nzima, huyo ndiye mimi.

Haya, uwanja wenu. Wa kunitukana watukane, nimeshafundishwa kuendesha kwa matusi, siyaogopi. Wa kuuliza aulize, nitajibu nikiipata miwani.

Lakini kabla hamjaanza, nina ombi moja. Kama yumo humu mtoto au mjukuu wa Hiza, yule muuza machungwa wa njia panda ya Muheza, mwenye fimbo, asinijibu hapa. Asome tu, awasomee na wenzake nyumbani.

Bendera ilikuwa chini. Baba yenu aliona sawasawa. Macho yake yalikuwa mazima mpaka siku anazikwa.